Nimeyaona Majani ya Ngorongoro

Baba,

Nimefika Ngorongoro, nikarudi. Ile safari ya wafanyakazi wa ofisi yetu ya Garsen nilikuwa nimeshaahidi kwenda kabla hujaugua, na mama akanikataza kuiacha. "Nenda. Babako alitaka habari za majani." Ndivyo ulivyoniagiza: nitazame majani, simba niwaachie wageni.

Basi niliyatazama. Tuliteremka asubuhi ndani ya shimo lile la volkano, kuta za mlima zimetuzunguka pande zote. Majani ni mafupi, mabichi, yamesongamana kama ya kwetu maji ya Tana yakishapungua. Dereva akasema Wamasai hawaruhusiwi tena kuteremsha ng'ombe humo. Niligeuka nikuambie. Kando yangu palikuwa na begi tu.

Halafu nyati. Kundi likavuka njia, mmoja akasimama dirishani kwangu. Niliteleza kitini mpaka chini, nikafumba macho. Gari zima likacheka. Hadija wa masjala akasema, "Karani, nyinyi Waorma si mnazaliwa zizini?" Nikacheka nao, Baba. Ungekuwepo ungenijibia.

Wewe tu ndiye uliyejua. Nilipokuwa mdogo, ng'ombe wakishuka mtoni kunywa, ulinikalisha juu ya kichuguu na daftari niandike majina yao. Watu wakiuliza mbona kijana hashiki fimbo, unasema, "Huyu ni mwandishi wangu." Hukuniaibisha hata tulipokuwa wawili tu.

Sasa arobaini yako imepita. Ami Guyo, mdogo wako, anasema Jumamosi niende malishoni nikabidhiwe kundi mbele ya wazee, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Eti niingie katikati ya ng'ombe, niwashike mgongoni mmoja mmoja. Silali vizuri. Nimeandika udhuru mara tatu: kazi nyingi, homa, kazi tena. Nyumba nzima hakuna wa kumsomea udhuru huo.

Nimeuchana. Jumamosi nitakwenda, na kabla sijashika fimbo nitamwambia ami, wazee wakisikia, kwamba naogopa ng'ombe, nimewaogopa maisha yangu yote, na kwamba kundi apewe mdogo wangu Dube, anayelipenda. Watacheka. Sijui hata mikono nitaiweka wapi. Lakini nitalisema mwenyewe, Baba, kwa sauti, bila daftari.

Pumzika. Mungu akupanulie kaburi.

Mwanao,
Jillo