Kigae cha Shamba la Juu

Porthgarrow,
Cornwall.
9 Septemba 1957

Mpendwa Mjomba Denzil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Australia, na kwamba kifua hakikusumbui tena kama wakati wa baridi. Sisi hatujambo. Mama amepona mafua, ila bado anakohoa asubuhi na hataki kuambiwa.

Viazi vimetoka vizuri. Upepo ulichukua paa la zizi, na jirani yetu Petroc Hocking akalirudisha kwa malipo ya keki ya zafarani tu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Unajua nimeajiriwa ukarani na wachimbaji wa mambo ya kale. Mwezi uliopita walichimba shimo la majaribio katika shamba letu la juu, lile ambalo wewe na Mama mlikubaliana kumwuzia mtu wa hoteli. Chini ya mawe ya jiko la kale kilitoka kigae chekundu chenye mifuo. Dokta Hanley, mkuu wetu, anasema ni cha mtungi uliobeba mvinyo au mafuta kwa meli kutoka Mediterania, yapata miaka elfu na mia nne iliyopita.

Habari ilifika kijijini kabla ya chai, pamoja na hofu kwamba kigae kikithibitika kuwa cha hapo hapo, serikali itakataza kujenga. Jioni Petroc alikuja kwa Mama.

"Usihangaike, dada yangu. Wazee wetu wote walibeba mchanga wa ufukweni kwa punda na kuumwaga mashambani ili udongo upate rutuba. Binti aseme tu kigae kilikuja na mchanga. Kitu kilicholetwa na punda kitazuiaje hoteli?"

Mama akanigeukia. "Umesikia, Kerra? Mjomba wako anangoja nauli ya kurudi nyumbani. Wewe unangoja nini?"

Kesho yake Dokta aliniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe ni wa hapa. Shamba hili liliwahi kutiwa mchanga?"

Mjomba, ningejibu "ndiyo" na kunyamaza, yangekwisha, wala nisingekuwa nimesema uongo. Lakini mchanga hauzami kupita plau inapofika, na vigae vya ufukweni huwa vimelainishwa na mawimbi. Hiki kilikuwa chini zaidi, tena kilinikata kidole nilipokuwa nakiosha. Nikamwambia yote hayo.

Wiki iliyofuata serikali ilikataza kujenga pale. Mtu wa hoteli amekwenda kutafuta kwingine. Mama hasemi nami, isipokuwa, "Sogeza chumvi."

Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Nauli yako ilikuwa katika shamba lile, na aliyeizuia ni mimi. Sijui ningefanya nini tofauti, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisalimie binamu Jago na Annie wake. Mungu akutunze na akupe pumzi nyepesi.

Barua zako bado ninazisoma mimi mezani, Mama akisikiliza. Ukinigombeza, nitasoma kama ulivyoandika, bila kuruka neno.

Mpwa wako akupendaye hata sasa,
Kerra