Waya Mweusi Mahali pa Mwekundu

Jumatatu, 11 Novemba 1996

Redio nne, pasi moja, spika ya msikiti. Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa nane. Katikati hapo nimelehemu kwa chuma cha kupasha kwenye mkaa. Moshi wote umeishia machoni mwangu.

Haruna, fundi cherehani wa chumba cha pili, amepata godoro. Godoro zuri, limevuka ziwa kutoka Uvira juu ya kichwa cha mwanamke. Amempa mkungu wa ndizi. Kutwa nzima analisifia kwa wateja, analipigapiga kama ng'ombe wa mnadani. Mtaa wetu wote wa Mwanga uko hivyo siku hizi. Watu wanakimbia vita ng'ambo, wanashuka Kibirizi wamelowa na watoto mgongoni, sisi tunawasubiri ufukweni na ndizi zetu. Nimemwambia Haruna ananitia kinyaa. Amecheka.

Jioni mazoezi ya bendi. Mpiga solo wetu alipanda treni kwenda Tabora, harudi. Miaka minne nimepiga ridhimu nyuma yake. Nilidhani leo Mzee Bitwale, kiongozi wetu, atataja jina langu. Badala yake ameleta Mkongo. Anaitwa Byamungu. Mwembamba, shati la kuazima, gitaa jekundu limefungwa kwa nailoni na kitenge.

Akapiga. Sauti nyembamba, inapitia puani, haina tumbo kabisa. Lakini inakata katikati ya ngoma na besi, unasikia kila noti. Mpiga ngoma wetu alisahau kupiga. Nilichukia papo hapo. Nililichukia gitaa, nikamchukia na mwenyewe.

Kisha gitaa likaanza kukwaruza, likazima. Mzee Bitwale akamwambia, "Mpelekee fundi wetu, ni mtu wa redio. Alhamisi urudi, mwenye ukumbi wa dansi atakuwepo. Ukimridhisha, mimi mwenyewe nitakwenda kukuombea kibali ubaki mjini." Asipopata kibali, ni lori la kambi ya wakimbizi na wenzake.

Fundi huyo ni mimi.

Jumanne, 12 Novemba

Byamungu ameleta gitaa asubuhi. "Jambo, fundi. Ni hii tu ilibakia. Vingine vyote tulitupa mu maji, mtumbwi ilitaka kuzama." Ameliweka mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye foleni ya kuandikishwa.

Bendi nzima inabishana ile sauti inatoka wapi. Mpiga ngoma anasema Wakongo wana dawa kwenye vidole. Haruna anasema ni rangi nyekundu. Ujinga unachosha. Sauti ya gitaa la umeme inaanzia kwenye pikapu, vile visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, vimelala chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya, huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya mbele, karibu na shingo, inatoa sauti nene, ya duara. Ya nyuma, karibu na pale nyuzi zinapofungiwa, inatoa kali. Swichi ikikaa katikati zinalia zote mbili pamoja.

Nimelifungua. Kukwaruza kulikuwa kitu kidogo, lehemu imepasuka kwenye tundu la kuchomekea. Dakika tano nimemaliza.

Halafu nikaona. Pikapu ya nyuma imeungwa kinyume, waya mweusi mahali pa mwekundu. Fundi fulani huko kwao alikosea. Kwa hiyo swichi ikiwa katikati, pikapu moja inasukuma na nyingine inavuta. Unene wote unafutana, kinachobaki ni ule wembamba wa puani. Siri ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Byamungu mwenyewe haijui. Anajua tu kuiacha swichi katikati.

Nikageuza waya.

Hakuniomba. Nilijiambia kosa ni kosa, na fundi kazi yake ni kusahihisha. Nilijiambia hivyo huku masikio yangu yanajua vizuri. Nikachomeka kwenye amplifaya yangu ndogo. Sauti nene, safi, ya kawaida. Kama yangu. Nikafunga skrubu moja moja.

Jumatano, 13 Novemba

Amekuja kuchukua gitaa. Umeme haukuwepo, hakulijaribu. Nimekataa malipo. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita ndugu.



Alhamisi, 14 Novemba

Mwenye ukumbi amekuja na suruali yake nyeupe na soda yake. Byamungu akaanza. Sauti ikatoka nene, ikaingia ndani ya ridhimu yangu, ikazama humo. Akasimama. Akazungusha vifundo. Akapeleka swichi juu, chini, akairudisha katikati. Akaanza tena. Safari hii alikosea mahali ambapo Jumatatu alipita amefumba macho.

"Ndiye huyu?" mwenye ukumbi akauliza.

"Juzi alikuwa mwingine," Mzee Bitwale akasema.

Hakuna aliyemwuliza fundi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa Byamungu. Alivitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. "Ni mikono," akasema. "Nilipiga kasia siku tatu. Mikono imekufa." Akawaomba radhi. Aliwaomba radhi kwa kuwapotezea muda, na mimi nikaendelea kukunja waya wangu.

Kabla Byamungu hajafika mlangoni, Mzee Bitwale alishanipa solo. Nimekubali.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefungua gitaa langu nyumbani. Pikapu ya nyuma, mweusi mahali pa mwekundu. Sikuchukua hata dakika kumi. Ikaja ile ile, nyembamba, ya puani.

Mke wangu anauza vitumbua mlangoni pa ukumbi, Jumatatu alisikia kila kitu. Ameacha kuchambua mchele. "Baba Zuhura, hiyo si ya yule Mkongo?"

Nimemwambia ni mambo ya nyaya tu. Amenitazama, kisha ameurudia mchele wake. Chai ya jioni hajaniletea.

Jumapili, 17 Novemba

Dansi la alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kila nikiingia solo watu wanapiga kelele. Mzee Bitwale ananiuliza nilikuwa nimejificha wapi miaka yote. Jamaa mmoja mlevi alipanda jukwaani kunitunza, akanibandika noti kwenye paji la uso. Ikanata kwa jasho lake na langu. Nilipiga wimbo mzima na noti ya mtu usoni, siwezi kuitoa, mikono yote iko kazini.

 

Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Jumatatu, 18 Novemba

Haruna ameingia kwangu anameremeta. Mkongo anauza gitaa. Anasema mikono yake imekwisha, atabeba mzigo wa nini kambini. Malori yanaondoka Jumatano. Haruna amemwahidi debe la maharage, atalifuata kesho jioni. Hajui kupiga hata uzi mmoja. Anataka kulitundika ukutani dukani, kwa ajili ya rangi.

Nilitaka kumtukana kama wiki iliyopita.  Yeye alichukua godoro la mtu. Mimi nimemwondolea mtu mikono.

Nimeanza kuhesabu nilichosema na nisichosema tangu Jumanne. Naona ningeweza kusema mara tano, sita. Sikuwa na haya hata kidogo. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimemwogopa mkimbizi mwenye shati la kuazima.

Jumanne, 19 Novemba

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa Mzee Bitwale. Nimemweleza yote, waya kwa waya. Nilidhani atanifukuza. Nilitaka anifukuze, amwite Byamungu. Amepiga mswaki mpaka mwisho, akatema, akasema, "Sasa yeye wa nini? Sauti si unayo wewe?" Mwenye ukumbi ameridhika, akasema. Kibali kina usumbufu wake. Akaniomba nisilitangaze hilo jambo kwa watu.

Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyempa jibu hilo. Nisingegeuza waya wa gitaa langu asingekuwa nalo.

Nimechukua baiskeli, bisibisi, lehemu, chuma cha mkaa. Kibirizi nimezunguka saa nzima kati ya maturubai, nauliza mwenye gitaa. Kinyesi, moshi, nguo zimeanikwa juu ya nyasi, watoto wanakohoa. Na kina Haruna wengine wakipita kuuliza kuna nini cha kuuza. Nimepita katikati yao na hakuna aliyenishangaa. Walidhani nami nimefuata vitu.

Byamungu alikuwa amekaa juu ya furushi. Alinikaribisha. Nimemwambia nikiwa bado nimesimama, nisije nikakaa nikashindwa. Waya ulivyokuwa. Nilivyougeuza. Kwamba nilijua. Kwamba solo nimepewa mimi. Kwamba kwa Mzee Bitwale nimetoka, na hakuna kitu.

 Byamungu akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mikono?"

"Haikuwa mikono."

"Apa."

Nikaapa. Akanyoosha vidole mbele ya uso wake, akavitazama juu na chini, mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga uji aliuliza kwa Kibembe, lugha ya kwao, kuna nini. Akamjibu maneno machache. Yule mama alinitazama, nikatazama chini. Alisogeza sufuria hata hivyo, nikapata nafasi ya kupasha chuma changu kwenye moto wake.

Nimerudisha waya, mweusi mahali pa mwekundu. Nimeunguza kidole. Byamungu alishika gitaa lisitikisike, kichwa chake karibu na changu, ananusa moshi wa lehemu. Nilipofunga skrubu ya mwisho ndipo nilipoona upumbavu wangu. Hapakuwa na umeme pale wala amplifaya. Bila umeme pikapu hazina kazi, gitaa linatoa ule mlio mdogo wa nyuzi tu, uwe umeunga hivi au vile. Hana pa kuhakikisha. Huko anakokwenda pia umeme haupo. Inabidi aniamini mimi, katika watu wote.

Alipiga. Kwa hatua nne husikii kitu, ila ukiinama unasikia. Alipita pale alipokosea Alhamisi, akapita tena. Yule mama akaacha kukoroga.

Haruna alipokuja jioni na debe lake, nasikia alirudishwa nalo.

Byamungu hakusema amenisamehe. Wala sikumwomba, ningekuwa namwongezea kazi. Nilipopanda baiskeli alikuwa bado anapiga.

Jumatano, 20 Novemba

Malori yamepita Mwanga kama saa tatu. Nimesimama mlangoni pa duka. La nne ndilo lililokuwa na Byamungu, juu ya mizigo, gitaa mapajani. Injini zilikuwa zinanguruma, lakini vidole vilikuwa vinakwenda. Hakutazama upande wetu.

Redio mbili na feni. Mama Zuhura ameniletea chai, ameketi mpaka nimemaliza.

Mchana nimefungua gitaa langu, nimerudisha waya ulivyokuwa zamani. Mazoezini nimepiga solo ile ile ya Jumapili. Mzee Bitwale amesimamisha bendi, akauliza sauti imekwenda wapi.

Nimemwambia imepanda lori.