Genivaldo "Porteira" Peixoto, Beki wa Upande wa Waliooa

Mwaka umetimia sasa, mwanetu mpendwa Genivaldo, tangu asubuhi ile tulipokuita uje kunywa kahawa nawe hukuitika. Moyo wako ulikuwa umesimama usingizini, bila kelele. Ndivyo ulivyozoea kuondoka uwanjani baada ya mechi, kichwa chini na viatu mkononi.

Wengi watakaosoma tangazo hili wanakujua kwa jina la Porteira, yaani lango la zizi la ng'ombe. Ulipewa jina hilo katika uwanja wa kiwanda cha matofali, hapa mjini Pedra Serena, ulipokuwa kijana mwenye mabega mapana kuliko shati lake. Mshambuliaji aliyefika kwako alikuta pamefungwa. Ulianzia timu ya mji wetu, ukachukuliwa na timu ya jiji kubwa la Belo Horizonte, na huko ukacheza beki wa kati mpaka magoti yalipokataa.

Hukuwa beki wa mbwembwe. Mpira wa hatari uliupiga mbali, hata ukaangukia barabarani, na watangazaji waliokucheka hukuwajibu. Washambuliaji walisimulia kwamba kabla ya kona kupigwa ulikuwa ukiwasogelea na kuwauliza kwa upole, "Mama hajambo?" Aliyegeuka kukujibu alikuta mpira umekwisha kupita.

Dada yako Zulmira alikuambia kwamba huo ni ujanja. "Ujanja gani, dada?" ulimjibu. "Mimi nauliza kweli. Yule mshambuliaji mrefu wa timu ya Recife, mama yake alikuwa mgonjwa. Nilimpigia simu mama huyo, tukaongea mpaka akanifundisha kupika maharage."

Ulimwoa Iracilda, mshonaji mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe, mkampata Jussara. Kila Jumapili, kabla ya kupanda basi la timu, ulitupigia simu kuuliza kama mvua imenyesha.

Kisha ikaja ile mechi ambayo mji huu haukuisahau. Timu yetu ilihitaji sare tu ili isishuke daraja, na wapinzani wake walikuwa ninyi wa Belo Horizonte. Dakika za mwisho ilipigwa kona, ukapanda mbele, ukafunga kwa kichwa. Sisi watu wa mpira tunaijua desturi: anayeifunga timu iliyomlea hashangilii. Nawe hukushangilia. Uliunganisha viganja vyako, ukawageukia watu wa kwenu kuwaomba radhi. Lakini wenzako walikurukia kwa furaha, wakakulalia, na viganja vile havikuonekana tena. Waliokuwa jukwaani na waliokuwa mbele ya televisheni waliona rundo la watu wanaosherehekea, nawe umo ndani yake.

Timu yetu ilishuka, na mpaka leo haijapanda. "Lango letu limetufungia nje," watu walisema. Bwana Adauto, mwoka mikate, ambaye mlikua pamoja naye, na ambaye alilia siku uliyoondoka, alinifungia mimi mama yako mikate kila asubuhi bila salamu. Uliponipigia simu uliniuliza, "Mama, Adauto amesemaje?" Nikakujibu, "Amesema mikate ni ya moto." Ukaniuliza kama mvua imenyesha.

Ulipoacha mpira, na Iracilda naye alipotutoka, ulisema unataka kuzeekea kwenu. Tulikuogopea, lakini ulikuja. Ulizishona nyavu za uwanja wa matofali bila kutumwa na mtu. Uliwasalimu watu mbele ya kanisa, nao wakakuitikia huku wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyekuita Porteira. Walikuita "yule wa Belo Horizonte", kana kwamba mimi sikukuzaa katika nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu kabla sijafa: mwanangu aitwe kwa jina lake hapa alipozaliwa.

Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, mji wetu huandaa mechi ya Waliooa na Makapera, kisha nyama huchomwa na kila mtu hula. Desemba moja ulikwenda na viatu vyako. Nahodha wa Waliooa alikuwa Bwana Adauto.

"Kwetu huwezi kucheza," alikuambia. "Hapa ni wenye wake. Mkeo amefariki, Mungu amrehemu. Nenda kwa Makapera."

Cleverson, fundi wa pikipiki na nahodha wa Makapera, akadakia: "Kwetu? Wee bwana, hatuchezi na babu! Sisi tunatafuta wachumba, huyu anatafuta dawa ya magoti!"

Watu walicheka, nawe ukawa huna upande. Nilikuwa nimeketi pembeni pamoja na Jussara, nikakuona unainama kuuchukua mfuko wako uondoke. Jussara alinibana mkono. Kisha ukanyooka.

"Adauto," ulisema, "mimi nimeoa."

"Umeoa nani tena?"

"Iracilda."

Kicheko kilikatika. Bwana Adauto alivua kofia yake, akayatazama majani ya uwanja, akaingiza mikono katika gunia la jezi na kukutupia moja.

"Haya, Porteira, simama huko nyuma," alisema. "Na kona ikipigwa, tafadhali sana, usipande! Tunakujua wewe!"

Uwanja mzima uliangua kicheko, nawe ukacheka mpaka ukayashika magoti. Lile bao lililouumiza mji kwa miaka yote hiyo, siku hiyo lilichekwa. Waliooa mlifungwa vibaya, kwa sababu Cleverson alikupita mara nyingi kama upepo, na kila alipopita alikupigia kelele, "Mama hajambo, babu!"

Jioni Bwana Adauto alikuletea kipande cha nyama kwenye kisu chake. Hamkuzungumzia mechi ya zamani. Mlizungumza kuhusu chachu na mvua. Tangu siku ile alikuja barazani kwetu kila baada ya kufunga duka, mkabishana juu ya waamuzi, na sisi tukalala tukiwasikia. Na katika mji huu mwanaume aliyefiwa na mke huchezea upande wa Waliooa. Hakuna anayelijadili tena jambo hilo.

Mwanetu, tunakukosa mezani na tunakukosa kwenye simu za Jumapili, ambazo hata uliporudi kuishi nasi uliendelea kuzipiga kutoka chumba cha pili ili kutuchekesha.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili saa moja asubuhi katika kanisa la mji wetu, na baadaye wote wanakaribishwa nyumbani kwa kahawa.

Jana Bwana Adauto alipokuja kuuliza idadi ya mikate ya Jumapili hiyo, tulimsomea tangazo hili. Alisikiliza mpaka kwenye majina, akauliza, "Na mimi mmeniweka wapi?"

"Miongoni mwa marafiki," tulimjibu.

"Nitoeni huko, Bi Deolinda. Niwekeni kwa ndugu."

Unakumbukwa na mama yako, Deolinda; binti yako, Jussara; dada yako, Zulmira, na mumewe, Otacílio; na ndugu yako, Adauto.

Pumzika, Porteira wetu. Siku zote tutakazojaliwa kuishi, nawe utakuwamo.