Mazishi Yaliyokosa Watani

Mke mwenzangu mpendwa,

Najua kuna watu watashtuka nikikuita hivyo, watadhani tuligombania mwanamume. Niwatoe wasiwasi: wewe ni bibi yangu, uliyemzaa mama yangu, na kwa kuwa kwetu mjukuu wa kike huitwa mke mdogo wa babu yake, tangu nikiwa natambaa wewe na mimi tulikuwa wake wenza. Kila asubuhi ulinifokea. "Amka wewe, mke mdogo, mume wetu anataka uji na mimi mgongo unaniuma!" Babu mwenyewe amekaa pale anacheka, uji ameshakunywa zamani.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, hapa Itetemia. Nimekuja Tabora kwa mambo ya vitabu vyangu, na jana yamenikuta ya kunikuta. Ungekuwepo ungecheka mpaka kanga ikuvuke. Kwa hiyo nakusimulia wewe kwanza, wengine waliobaki wasome kwa kuchungulia.

Unazikumbuka siku zetu za michembe? Ulikuwa ukikaa hapahapa nilipokaa, kisu mkononi, beseni la viazi vitamu mbele yako, unavikata vipande vya kuanika huku macho yako yote yako njiani. Hapiti mtu. Yaani hapiti hivihivi. "Mwangaluka!" unamwamkia kwa sauti, na akijibu tu amekwisha. "Wa nani wewe? Wa ukoo gani? Mama yako ni yule wa Bukene au yule mwingine?" Mtu wa watu alikuwa anakwenda zake dukani kununua chumvi. Anaondoka hapa ameacha jina la babu yake, ugonjwa wa shangazi yake na sababu hasa iliyomrudisha dada yake nyumbani. Nikikuambia, "Bibi, wewe mbea," unanuna kwelikweli. "Mimi mbea? Mbea anasema. Mimi nimesema nini? Mimi nasikiliza tu."

Na ng'ambo ya ua wa minyaa alikuwepo Mzee Pazi, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akastaafu hapahapa. Huyo alikuwa mtani wako. Kwa wasiojua: Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita nchini kwao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Basi asubuhi mnaanza. "We mpagazi, bado hujafa tu?" anauliza. "Nife nikuachie nani, mcheza ngoma usiyejua jembe linashikwa wapi?" Mkishachoka kutukanana unanituma nimpelekee kikombe cha asali, na nikirudi unataka kujua ndani kwake nimeona nini.

Haya, niambie, mtoto aliyelelewa kwenye baraza hili angeandika nini kama si habari za wapelelezi?

Nilipoanza vitabu vya *Nyuki wa Msafara* sikuumiza kichwa. Nilichukua njia ile ya zamani ya kutoka Tabora kwenda pwani, nikawachanganya vijana wapelelezi na wapagazi, na kila kijana nikampa nyuki mdogo anayeishi sikioni mwake na kuvuma mtu akisema uongo. Shujaa ni msichana, Milembe. Mkuu wao nilimfanya mwanamke anayeuza michembe kambini, ambaye hakuna anayemshuku kwa sababu yeye anaamkia watu tu. Nikamwita Bi Kalunde, lakini wewe ulijijua ukurasa wa kwanza.

Macho yako yalikuwa yameshachoka, kwa hiyo kila nikija likizo nilikusomea mimi. Jamani, wahariri wa Dar es Salaam ni malaika ukilinganisha na wewe! "Mbona umenifanya kibogoyo?" Nikakurudishia meno. "Hawa watoto wametembea tangu juzi, mbona hawali? Utawaua kwa njaa." Nikawapikia ugali na mlenda, na mpaka leo wasomaji wanasema kitabu changu kinatia njaa. Halafu ukaniuliza kwa nini Bi Kalunde naye ana nyuki. Nikasema, ili ajue nani anamdanganya. Uliweka kisu chini. "Mtu mzima na akili zake, anahitaji mdudu amwambie mtoto anadanganya? Mtoe huyo nyuki." Nikamtoa, na hapo ndipo watoto wakampenda Bi Kalunde kuliko wote, kwa vile yeye peke yake anafanya kazi bila nyuki.

"Ila usije ukaniua humo," uliniambia siku moja, "kabla Mungu hajaniua."

Sikukuua. Mungu ndiye aliyetangulia. Ulikwenda masika yaliyopita, na tulipokwisha kuanua matanga nikarudi Dar es Salaam, nikajifungia chumbani kumaliza kitabu cha nne. Humo nikamuua Bi Kalunde. Msafara umekaribia pwani, wamepiga kambi Uzaramo, maadui wanamjeruhi, anafariki kabla ya jua kuzama. Wanamzika kando ya njia. Milembe analia, wapagazi wamevua kofia, nyuki wote kimya. Niliandika nikilia na nikampelekea mhariri bila kurudia kusoma. Mhariri naye akalia, hakugusa hata nukta.

Kitabu kikatoka, nami nikakwama. Nikikaa kuandika cha tano, mkono unakuwa mzito. Nani ataniambia watoto hawajala? Nani atagomba? Nilikukosa, bibi, nilikukosa mpaka nikawachukia hata wapelelezi wangu mwenyewe. Nikaamua basi. Milembe abaki palepale kaburini, hadithi iishe. Wasomaji wa Tabora waliponialika tuzungumze juu ya vitabu, nilikubali haraka, nikajisemea nitawaambia ana kwa ana kwamba cha tano hakuna. Nilishuka kwenye treni nimenuna, na neno langu tayari mdomoni.

Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Wamekuja wa mjini, wa Nzega, wa Igunga, na kundi la wanafunzi wa Bukene na sare zao. Kumbe wamejitungia mchezo: mtu akisema jambo wasiloliamini, ukumbi mzima unavuma, "Vvvvv!" kama ndio wenye nyuki masikioni. Kijana mmoja wa Igunga, mfugaji, alinikosoa kwamba ng'ombe wa sura ya pili hawezi kunyamaza hivyo akinyimwa maji. Nikajitetea kwamba ni ng'ombe wa uganga. "Vvvvv!" Mwenyekiti mwenyewe alivuma. Frateri mmoja kutoka seminari ya Kipalapala akauliza kwa upole kama huyo nyuki angevuma hata kwenye kitubio, na msichana aliyekaa nyuma yake akamjibu, "Frateri, wewe unaogopa nini?" Nilicheka, bibi. Nilikwenda pale kuzika kitabu na nikajikuta nacheka.

Nikaona nisichelewe. Nikasimama, nikasema, "Wapendwa, nina neno moja zito." Mwenyekiti akaniomba radhi, kuna mkono umenyooshwa muda mrefu kule nyuma. Akasimama binti wa Bukene, mwembamba, kitabu cha nne amekikumbatia. Anaitwa Kabula.

"Shikamoo mama mwandishi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sina swali, nina pongezi. Wenzangu hawa wamelia bure. Bi Kalunde hajafa."

Nilitegemea wavume. Hawakuvuma, waligeuka wote kumtazama.

"Kwa nini unasema hivyo?" nikamuuliza.

"Si umetuonyesha mwenyewe, mama? Mnyamwezi anazikwa Uzaramo kwenyewe, mtani hata mmoja hajatokea! Hakuna aliyejilaza kaburini, hakuna aliyemwigiza anavyotembea, hakuna aliyekimbia na sufuria ya msiba. Watu wamesimama kwenye mstari, wanalia kistaarabu. Hayo mazishi gani? Nilipomsomea bibi yangu alinikatiza hapohapo, akasema, 'Hawa wanazika gogo. Watani hawakuja kwa sababu wanajua mtu hayumo.'"

Weee! Ukumbi ulipasuka. Watoto wanarukaruka, wanapigana vibao vya mgongoni, "Nilijua mimi! Nilijua!" na yule frateri mpole amepanda juu ya kiti. Nami nimesimama mbele yao mdomo wazi, kwa sababu ukweli ni kwamba sikuficha chochote. Nilisahau watani. Mimi, mjukuu wako, nimeandika mazishi ya Mnyamwezi na nikasahau watani!

Na nilisahauje, wakati kwako walikuja? Niliwaona kwa macho yangu. Wajukuu wa Mzee Pazi walijifunga kanga zako, wakakaa hapa barazani wakijifanya wanakata viazi, na kila aliyekuja kutoa pole wakamdaka: "Mwangaluka! Wa nani wewe? Na hiyo njaa yako ni ya ukoo gani?" Mama yangu, ambaye hakuwa ameonja chakula, alicheka mpaka akaomba maji. Kule makaburini Mzee Pazi, na koti lake la reli, aliteremka kaburini akalala chali. "Hamfukii mtu hapa! Huyu mpagazi ameninyima asali miaka yote, leo naletewa au nalala naye." Mchungaji amesimama na kitabu chake anasubiri, watu wameshika mbavu. Nami nilicheka, bibi, nikacheka na machozi yakitoka, sijui kipi kilikuwa kipi. Wakamletea asali. Akatoka, akapangusa koti, akashika koleo, akakufukia yeye mwenyewe.

Hayo yote niliyajua. Ila nilipojifungia kule Dar kuandika, nilibeba kilio peke yake. Kicheko nilikiacha huku.

Kelele zilipotulia nikasikia fimbo inagonga sakafu. Mzee Pazi! Mjukuu wake alikuwa amemleta, amekaa pembeni muda wote wala sikumwona. Nikamwamkia pale mbele ya watu. Hakuitikia hata marahaba.

"Mimi ndiye mtani," aliutangazia ukumbi. "Huyu wa kitabuni sikusikia habari ya msiba wake, na mimi msiba wa Mnyamwezi siambiwi, naunusa. Kwa hiyo nathibitisha, hajafa." Watoto wakashangilia. Akanielekezea fimbo. "Na wewe, mtoto wa wapagazi, umekuja hapa na sura ya matanga. Neno gani zito ulitaka kutuambia?"

Bibi, nilitaka kujiokoa. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Mimi, kwa kweli, nilipanga hivyo tangu mwanzo..."

"Vvvvvvvv!"

Ukumbi mzima. Madirishani pia. Mzee Pazi naye, na mapengo yake.

Nikainua mikono. "Basi, basi! Nilisahau. Niliandika nikiwa na msiba wa bibi yangu, nikasahau watani. Na neno nililokuja nalo ni kwamba kitabu cha tano hakuna. Nilitaka Bi Kalunde afe na hadithi iishe."

Hakuna aliyevuma. Nilimwona Kabula amekishusha kitabu, ananitazama, na hakuwa na hasira. Alikuwa ananihurumia, mtoto wa watu, na hilo ndilo lililonivunja nguvu.

"Pole na bibi, mama," akasema. Halafu, taratibu, "Sasa Milembe atajuaje kwamba wamezika gogo, kama huandiki?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba sijui. Badala yake nikaanza kufikiri. Milembe ni Mnyamwezi. Amelia siku nzima. Asubuhi anaamka, anatazama kijiji cha Wazaramo, anawaona wanakunywa uji wao kimya, hakuna anayemtania mfiwa. Hapo ndipo atashtuka. Nikawaambia hivyo, kwa sauti, palepale. Kijana wa Igunga akadakia kwamba basi lazima alifukue gogo kabla maadui hawajashtuka. Frateri akasema hapana, aache, amwage machozi zaidi, maadui waamini. Tukaanza kubishana, mimi na wao, mpaka mwenye ukumbi akaja kuomba funguo zake.

Bibi, nimeamka mapema leo nikaandika sura ya kwanza. Bi Kalunde yuko hai, amejificha kwenye kibanda cha mvuvi wa kambale mtoni, na kitu cha kwanza anachofanya ni kulalamika kwamba hajala.

Wewe umekufa. Ni mara yangu ya kwanza kuliandika hilo bila kulipitisha kwa mtu wa kitabuni. Nilikuwa nakuzika humo kwa sababu huku nje sikutaka uwe umezikwa, na jana, katikati ya vicheko vya watoto wa watu, nimekubali. Yule mzee alilala kaburini mwako, akatoka, akafukia. Ulikuwa umo.

Lala salama, na umsalimie mume wetu. Mimi niko kazini.

Ni mimi,
Mke mdogo