Kwa Nini Selemani Aliacha Kuadhini

Mdogo wangu Selemani,

Ijumaa hii, baada ya sala, barua hii itasomwa msikitini kwetu Mitole. Nimeiandika kwako ingawa umeshatangulia, kwa sababu nikiwaandikia walio hai nitaanza kujitetea. Moyo wangu umechoka, na daktari wa Lindi hakunificha. Naandika mistari mitatu, napumzika.

Unaukumbuka mwaka wangu wa sita wa shahada ya uzamivu. Niliianza nikiwa mtu mzima, na wale nilioanza nao walikuwa wameshavaa majoho na kuondoka. Niliacha kwenda harusini, maana kila aliyenipa mkono aliniuliza ninamaliza lini. Wewe hukuuliza. Ulinitania tu kwamba hata tembo angekuwa ameshazaa mara tatu, kisha ukanisogezea sahani ya muhogo. Chuo kilikuwa kimeniandikia kwamba hakuna nyongeza tena: nimalize mwaka ule au niache.

Utafiti wenyewe ulikuwa kwenye mikorosho ya baba. Nusu ya miti ilipuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Nusu niliipaka rangi nyekundu shinani ili isiguswe, tuone ugonjwa ukiachwa unakula kiasi gani. Nilikukabidhi shamba nikarudi chuoni. Mavuno yalipokuja, miti yenye rangi ilizaa karibu sawa na mingine. Msimu wa pili vilevile. Nilihangaika mwaka mzima kutafuta sababu, mwisho nikaandika sura nzima kueleza kwamba miti ya baba ina kinga yake yenyewe. Msimamizi wangu aliipenda sura hiyo kuliko zote. Akasema atakuja aione miti kwa macho yake.

Siku tatu kabla hajafika nilikusomea sura ile barazani. Ulisikiliza umeinama. Nilipomaliza ukasema, "Dada, ile miti niliipulizia."

Nilidhani ni utani wako wa tembo tena. Lakini ulieleza taratibu, kwamba kila ukitoka kusali Alfajiri, umande ungali majanini, ulipita na mashine mgongoni, na maua ya ile miti yalikuwa yanakauka mbele yako. "Mti wa baba unaumwa, dawa ninayo mgongoni. Nipite tu?" Uliipulizia kidogo kidogo, ukidhani kidogo hakiharibu kitu.

Sikukugombeza. Laiti ningekugombeza. Nilisema kwa sauti ileile niliyokutuma nayo kisimani mama alipotuachia nyumba na wewe ungali mdogo: "Msimamizi akiuliza, sema hukuigusa."

Ukasema, "Dada, mimi ndiye ninayewaita watu kwenye sala."

"Neno moja tu, Selemani. Miaka yangu sita iko kwenye neno hilo."

Nilijua hujawahi kunikatalia kitu tangu nikubebe mgongoni. Ndiyo maana sikuhitaji kukuomba mara ya pili.

Msimamizi alikuja, akazunguka shamba, akashika mashina yenye rangi. Hakuwa mtu wa kutilia shaka. Alikuuliza kama anayeuliza njia, iwapo miti ile haikuguswa. Ulinitazama mimi kwanza. Nikageuza uso kuelekea bonde la Mitole, nikasubiri. Nikasikia, "Haikuguswa."

Alfajiri iliyofuata niliamshwa na sauti ya mtu mwingine ikiadhini. Nilijua pale pale, kabla sijafungua macho.

Watu walisema mengi. Wapo waliosema umegombana na imamu. Wapo waliokutania kwamba tangu dada aitwe daktari, Selemani anaona uvivu kuamka mapema. Uliamka mapema siku zote. Ulikwenda, ukasali safu ya nyuma kabisa, ukarudi shambani. Watu wa kijiji cha Tingi walipokuja kutaka mbegu za mikorosho isiyougua, uliwapa, ukawaambia wapulizie salfa kama kawaida. Walidhani huelewi elimu ya dada yako. Nilikuwepo, Selemani. Nilikaa kwenye kiti chako nikanywa chai, wala sikufungua mdomo.

Hata ulipokuwa unaumwa hukunitaja. Nilikuja mara nne nikiwa nimejiandaa kusema, na mara nne tukazungumzia mvua.

Jana nilimwambia mkeo Zuhura yote. "Wifi, marehemu hajitetei, na wewe unaumwa," akasema. "Mwachie Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu anajua tangu siku ile. Wasiojua ni watu wa Mitole, na wao ndio waliokupa jina baya. Akalia, lakini hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kisha akasema barua ataipeleka mwenyewe kwa imamu.

Chuoni nimeshaandika. Cheo wakikichukua, wachukue chao. Hilo haliniogopeshi. Ninachoogopa ni Ijumaa: nyuso za wazee uliosali nao, na vijana watakaogeuka kunitazama.

Nimemwomba Zuhura anishike mkono hadi upande wa wanawake. Nimekataa kiti cha mbele walichoniwekea kama mgeni. Nitakaa safu ya nyuma kabisa, uliyoichagua wewe kwa sababu yangu, nisikilize neno langu likisomwa kwa sauti, mpaka mwisho.

Pumzika sasa, mwadhini wetu.

Dada yako, ambaye hukumkatalia