Maelezo Kuhusu Mwizi wa Upepo

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamume, miaka 69, mwalimu mstaafu wa hisabati, mtunza saa wa klabu ya baiskeli ya mtaa. Anaishi nyumba za walimu, nyuma ya maktaba. Anaeleza kwa hiari yake, Jumapili tarehe 9 Juni, kuanzia saa 4:50 asubuhi.

Leo saa 3:06 asubuhi klabu yetu iliondoka kwenye mstari kwa mbio za kilomita arobaini. Naomba nieleze, maana afande ameuliza. Katika mbio hizi timu hushindana na saa. Wanne huondoka pamoja, na muda wa timu ni wa gurudumu la mtu wa nne. Watatu wakifika kama risasi na wa nne asifike, timu haina muda. Miaka mitatu tumeshiriki, hatujawahi kupata muda.

Waendeshaji wetu ni muuguzi, ambaye ni nahodha, kinyozi, fundi bomba, na fundi cherehani, ambaye ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa mwisho. Hupokezana mbele. Aliye mbele hukata upepo, walio nyuma hupumzika. Anayejificha nyuma na kukwepa zamu, sisi humwita mwizi, yaani mwizi wa upepo. Ni utani wa klabu. Hata nahodha ameshaitwa hivyo.

Majira ya saa 3:58, kilomita ya thelathini na moja, tulikuwa tunapita ghorofa linalojengwa karibu na kituo hiki cha polisi. Nilikuwa nyuma yao kwenye pikapu, saa mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Walikuwa wanakwenda vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuwapima, nami nilikuwa na furaha ya kitoto. Nikamwona mkwe wangu mkiani. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyo wa nyuma!"

Naomba iandikwe kwamba aliyesema ni mimi, si mwingine.

Mafundi ujenzi saba walishuka mbio. Hawakumgusa, walishikana mikono kukata barabara, naye akafunga breki. Walimuuliza baiskeli ni ya nani. Yeye ni mtu mkweli, akajibu, "Ya muuguzi." Wakauliza muuguzi yuko wapi. Akaonyesha mbele, ambako nahodha wetu alikuwa anapotelea kwenye kona kama mtu anayekimbizwa.

Nilishuka nikawaeleza habari ya upepo. Msimamizi wao alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, wewe ndiye uliyesema ni mwizi. Sasa unasema si mwizi. Twende ukayasemee kituoni." Kama mwalimu, sikuona kosa katika hoja yake.

Hapa kaunta afande aliuliza upepo ni mali ya nani. Nilimjibu ni mali ya aliye mbele. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaketi sakafuni. Mwingine sasa hivi anakaza mnyororo wa baiskeli ya mtuhumiwa.

Lipo jambo ambalo barabarani sikulijua. Fundi bomba amenipigia simu kutoka mstari wa mwisho. Kinyozi alibanwa na msuli, na mkwe wangu alikuwa ametoka tu kuvuta zamu mbili mfululizo, yake na ya mwenzake. Mimi nilikuwa naangalia saa. Kwa hiyo hata kwa maana yetu ya klabu, neno lile halikuwa kweli. Nimemwambia hivyo hapa kwenye benchi, mbele ya watu, na nimemwomba radhi. Aliinamisha kichwa, maana si kila siku mtu huombwa radhi na baba mkwe. Kisha akasema, "Baba, saa bado inakwenda?"

Nikamwonyesha.

"Basi usiisimamishe."

Mstari unafungwa saa 6:00 kamili. Zimebaki kilomita tisa. Hakuna kilichoibwa, na mlalamikaji hayupo. Nimesomewa haya yote, ni maneno yangu na ni ya kweli, na namwomba afande asitafute kalamu nyingine. Hii inaandika vizuri.

Sahihi ya shahidi, saa 5:14.

Maelezo ya afande: Muuguzi amethibitisha kwa simu kuwa baiskeli ni yake na alimwazima. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:19 na kurudishwa pale pale aliposimamishwa. Nilimsindikiza kwa pikipiki ya kituo. Shahidi alisisitiza nibaki nyuma muda wote, kwani nikitangulia kijana atakuwa ameiba upepo wa serikali. Nilibaki nyuma. Mafundi saba walifuata pamoja na shahidi kwenye pikapu, kipaza sauti kikiwa mikononi mwa mafundi. Mtu wa nne alivuka mstari saa 5:41. Muda wa timu: saa 2, dakika 35. Wa sita kati ya timu sita. Shahidi alinipa saa yake nimsomee, akisema miwani imeingia ukungu. Nilimsomea mara tatu. Jalada limefungwa.