Mbao za Jukwaa la Isiolo

Jumatatu, 7 Machi 1966
Barua tano nimechapa, utepe wa taipureta umechakaa. Bwana Mkubwa wa wilaya kaniita ofisini kwake. Jumba la michezo ya kuigiza linabomolewa, mabati yanaenda kambi ya jeshi, Burat. Anataka historia yake, ukurasa mmoja, kufikia Jumatatu ijayo. Nimefurahi kama mjinga. Jukwaa la mle ndani alijenga baba yangu. Alitusimulia mpaka akafa.

Jumanne, 8 Machi
Siku imeharibika. Mama Halima, anayeuza chai mkabala na jumba, anasema jukwaa alijenga Guyo, marehemu mumewe. Amesema mbele ya wateja, bila kuniangalia. Chai nimeiacha nusu. Mwongo, huyu mama.

Jumatano, 9 Machi
Wazee wawili wa msikitini wanakumbuka wazungu wakiigiza na nywele za bandia za katani, watu wetu wakichungulia kwenye matundu ya misumari. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Aliyejenga hawamjui. Basi nimeandika jina la baba, peke yake.

Ijumaa, 11 Machi
Malori ya jeshi mchana kutwa. Nimerudi kwa Mama Halima, kanimiminia nusu kikombe. Sawa. Jirani ameninong'oneza: ng'ombe wa Guyo walipotea wote tangu vita hivi vya shifta, waasi wa huku kaskazini, vianze. Kitu chake kilichobaki ni hilo jukwaa. Nimeona aibu. Jina sijabadilisha.

Jumamosi, 12 Machi
Wamebomoa. Mbao za jukwaa zikageuzwa. Chini ya kila ubao, alama mbili zimechomwa kwa chuma cha moto. Moja naijua, iko chini ya kigoda alichonichongea baba. Ya pili Mama Halima ameipapasa kwa kidole. Chapa ya ng'ombe wa Guyo. Amelia, na mimi macho hayakuwa makavu.

Mbao hizo zilipasuliwa kwa msumeno wa shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, vumbi lote linamwagikia usoni. Peke yako huwezi. Baba alikuwa na macho mekundu maisha yake yote. Na hakuna aliyemtaja mwenzake! Wazee wakaidi, wote wawili.

Jumatatu, 14 Machi
Ukurasa nimeupeleka. Guyo nimemtaja kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika msumeno juu ya gogo. Baba angenuna siku mbili.

Msimamizi wa kazi alituachia ubao mmoja. Mama Halima ameuweka juu ya mawe, umekuwa benchi la wateja. Nimekaa hapo asubuhi. Leo kikombe kimejaa.